Siku nne za majani mekundu: jibu kwa mama wa Kampemba anayekwenda New Hampshire

Mama mmoja wa Kampemba, hapa Lubumbashi, mwalimu mstaafu wa jiografia, ameniandikia hivi: «Binti yetu anakaa Manchester, New Hampshire, kule Marekani. Ametulipia safari mimi na baba yake, tutafika mwanzoni mwa Oktoba. Anataka kutuzungusha kwa gari siku nne tuone milima ya majani mekundu na vijiji vyake. Amepanga Maine, New Hampshire, Vermont, na tukiwahi, maporomoko ya Niagara. Anasema tuondoke Ijumaa, maana Jumatatu yake ni sikukuu. Baba ana miaka 68, alikuwa fundi mitambo mgodini, goti lake la kushoto halitaki ngazi. Tupange vipi, tuvae nini, na je, huko kuna kitu ambacho mtu wa Katanga hajakiona?»

Mama, jambo. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linaloamua yale mengine. Kipo, na nusu yake umekwisha kukiona. Mwishoni mwa Septemba, kabla ya mvua ya kwanza, ukitoka mjini kuelekea Kipushi au Likasi, miyombo iliyobaki kando ya barabara inavaa rangi ya shaba. Yale ni majani machanga ya muputu na ndugu zake. Yanazaliwa mekundu, na baada ya wiki chache yanakuwa kijani. New Hampshire ni kinyume: jani linazaliwa kijani mwezi wa Mei, na linakuwa jekundu likikaribia kuanguka. Rangi yenyewe ni ileile, wanasayansi wanaiita anthosianini. Huku inamvika mtoto, kule inamvika mzee.

Wewe ulifundisha jiografia, basi nikueleze jinsi inavyotokea, kwa sababu mpango wa safari yenu unatoka humo humo.

Usiku unaporefuka, mti unajua baridi iko njiani. Unaanza kuvuta chakula kilichomo kwenye majani na kukirudisha kwenye matawi na mizizi. Klorofili, yaani ile rangi ya kijani, inavunjika na haitengenezwi tena. Hapo njano iliyokuwa imejificha chini yake tangu mwanzo inajitokeza. Hiyo ni karotenoidi, ndugu wa ile iliyomo kwenye karoti. Nyekundu yenyewe haikuwemo. Mti unaitengeneza siku hizo za mwisho kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, na kwa kazi hiyo unahitaji mchana wenye jua na usiku wenye baridi isiyofikia kugandisha. Mwaka wenye siku za namna hiyo mfululizo, milima inawaka. Mawingu yakikaa wiki nzima, njano inazidi. Wakati huohuo, pale kikonyo kinaposhika tawi, mti unajenga ukuta mwembamba unaoziba mishipa ya jani, na upepo kidogo unatosha kuliangusha.

Miti haibadiliki yote kwa siku moja wala kwa rangi moja. Nyekundu kali kabisa ni ya mepo mwekundu, mti wa huko ambao Waingereza wanauita maple. Mepo wa sukari, ambao jani lake linafanana na lile la bendera ya Kanada, unakwenda kwenye rangi ya machungwa. Ile yenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi inakuwa njano tupu. Mialoni inachelewa, nayo inaishia kwenye hudhurungi. Katikati ya yote hayo misonobari inabaki kijani kizito, na bila kijani hicho nyekundu isingeonekana nusu ya ilivyo.

Sasa jambo la msingi, nakuomba umsomee binti yako kama lilivyo: rangi inashuka mlimani. Inaanzia juu na kaskazini, inateremka hadi mabondeni na kusini, kama maji yaendayo polepole. Hewa inapoa kwa karibu digrii 6 na nusu kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo bonde ambalo bado ni kijani na kilele ambacho kimekwisha kubaki na matawi matupu vinaweza kuwa ndani ya mlima mmoja, siku moja, na mahali fulani katikati ya hivyo viwili ndipo penye moto. Mtu anayeelewa hivyo hafukuzi rangi kutoka mkoa hadi mkoa. Anachagua kitanda kimoja, anakaa, na kila siku anapanda au kushuka mita 200 au 300 mpaka aikute.

Hilo sikulijua msimu wangu wa kwanza. Nilikuwa naendesha basi dogo la watalii katika milima hiyohiyo, nikawapitisha wazee tisa njia ndefu ya siku nzima kwa sababu mtu mmoja alisema kaskazini zaidi «kunawaka». Tulifika kaskazini giza limeingia. Walichokiona siku ile ni taa za magari yaliyotutangulia. Bibi mmoja alikuwa amesafiri kutoka mbali kwa ajili ya siku hiyo tu, na uso wake ninaukumbuka mpaka leo. Tangu hapo sikurudia.

Kwa hiyo Niagara iondoke kabisa. Kutoka Manchester ni zaidi ya kilomita 700 kwenda tu, mara mbili na zaidi ya safari ya Lubumbashi hadi Kolwezi, na kurudi ni hivyohivyo. Siku nne zenu zingeisha kwenye barabara kuu. Maine nayo iacheni safari hii. Ufuko wake ni mzuri, lakini pale pwani rangi inachelewa hadi mwisho wa Oktoba. Vermont mtaigusa upande wa karibu. Moyo wa safari uwe Milima Myeupe ya New Hampshire, ambayo kutoka Manchester, mkifuata barabara ya I-93 kwenda kaskazini, ni mwendo usiofika saa mbili.

Jambo la tarehe ni zito kuliko mnavyodhani. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni sikukuu huko, na siku tatu zinazoishia Jumatatu hiyo ndizo zenye msongamano mkubwa kuliko zote za mwaka katika milima hii. Magari yanasimama foleni mpaka kwenye mabonde ya porini. Vyumba vinakuwa ghali au havipo. Binti yako aliona sikukuu akaona nafasi, na namwelewa, mtu anayefanya kazi huko anahesabu kila siku ya mapumziko. Lakini kama anaweza kubadilishana zamu na wenzake, aondoke Jumanne inayofuata na kurudi Ijumaa. Rangi haitakuwa imeisha: juu itakuwa imepungua, katikati na mabondeni itakuwa imefika. Chumba kitafutwe sasa, miezi kabla. Msisubiri kufika.

Kitanda chenu nakishauri kiwe Littleton, au Franconia kama Littleton pamejaa. Littleton ni mji mdogo ulio kando ya mto Ammonoosuc, wenye barabara kuu moja ambayo Baba anaweza kuitembea yote bila kupanda ngazi. Mko karibu na pande zote: bonde la Franconia kusini, mlima Washington mashariki, Vermont magharibi. Mtalala hapo usiku tatu bila kufunga na kufungua masanduku kila asubuhi. Kwa watu wa umri wenu, hilo peke yake linaongeza nusu siku.

Siku ya kwanza msiharakishe. Ondokeni Manchester saa tatu asubuhi, baada ya watu kufika kazini. Mtaona jinsi miti inavyobadilika kadiri mnavyopanda kaskazini, kijani cha mjini kikianza kuwa na mabaka, kisha mabaka yakiungana. Mkiingia bonde la Franconia barabara kuu yenyewe inajibana ikawa njia moja kwenda na moja kurudi, kwa kuwa milima imeikaba pande zote mbili. Hapo simameni mahali paitwapo The Basin. Ni matembezi mafupi kutoka maegesho hadi penye maji yaliyochimba bakuli la mviringo ndani ya mwamba wa granaiti, laini kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Watu watawaambia mwende Flume. Ni korongo la kupendeza sana, lakini mzunguko wake ni zaidi ya kilomita 3 na una ngazi nyingi. Kwa goti la Baba, hapana.

Mbele kidogo kuna ziwa dogo la Profile. Juu yake, kwenye mwamba, palikuwa na uso wa mzee uliochongwa na barafu na wakati, alama ya jimbo lote. Hata kwenye bamba za magari yao upo. Ulianguka usiku mmoja, tarehe 3 Mei 2003, baada ya miaka mingi ya kushikiliwa kwa vyuma na saruji. Watu wa huko walilia kama waliofiwa. Binti yako akiwaonyesha ukuta mtupu, msishangae kwa nini watu wanasimama kuutazama.

Siku ya pili ndiyo kubwa. Ni mzunguko mmoja usiozidi kilomita 200, na utachukua siku nzima, tangu macheo hadi machweo. Shukeni mpaka Lincoln mapema, muwe mmeingia barabara ya Kancamagus kabla ya saa mbili asubuhi. Jazeni mafuta Lincoln, nunueni chakula Lincoln, mwambieni ndugu mmoja mko wapi mkiwa Lincoln: kilomita 55 kutoka hapo mpaka Conway hakuna kituo cha mafuta, hakuna duka, na simu inakosa mtandao sehemu kubwa ya njia. Ni msitu mtupu. Jina la barabara ni la chifu wa mwisho wa muungano wa Wapenacook, wenyeji wa nchi ile kabla ya Waingereza, mjukuu wa chifu Passaconaway.

Kilele cha barabara kiko mita 870. Lubumbashi yetu iko karibu mita 1,200. Yaani Mama, mtakapokuwa juu kabisa pale, watu wanapiga picha wakisema wamepanda, ninyi mtakuwa mmeteremka kutoka nyumbani kwenu. Uwaambie wajukuu. Mlima ni urefu wa kimo, lakini pia ni umbali kutoka ikweta: katika Milima Myeupe, kwenye mita 1,400 hivi miti inaisha kabisa, inabaki mawe na nyasi fupi za nchi ya barafu. Sisi kwa kimo hicho tunalima mahindi.

Kituo cha kwanza kiwe Lincoln Woods, kilomita chache baada ya mji. Hapa nakaa kidogo, kwa ajili ya Baba.

Kuna daraja la kamba za chuma juu ya mto, linatikisika kidogo ukilikanyaga. Ng'ambo yake inaanza njia pana, tambarare kama sakafu, inayofuata mto moja kwa moja. Tembeeni dakika kumi tu, kisha mwambie Baba aangalie chini. Kila baada ya hatua kuna kipande cha mbao kilicholala kukingama njia, kimeoza kingo, kimemezwa nusu na udongo na majani mekundu. Ni mataruma. Mnatembea juu ya reli. Mtu aliyefanya kazi mgodini atayatambua kwa nyayo kabla ya macho, kwa sababu nafasi kati yao hailingani na hatua ya binadamu.

Reli hiyo haikubeba abiria. Ilibeba miti. Mwishoni mwa karne ya 19 tajiri wa mbao, J. E. Henry, alijenga mji wa Lincoln na reli ya kuingia ndani ya mabonde, akakata kila kilichoweza kukatwa. Hakuwa peke yake. Kufikia mwaka 1900 sehemu kubwa ya milima hii ilikuwa imenyolewa. Matawi makavu yaliyoachwa chini yakashika moto, udongo ukachukuliwa na mvua, mito ikajaa tope, na viwanda vya chini kama vile vya Manchester, vilivyotegemea maji ya mto Merrimack, vikaanza kupata shida ya mafuriko na ukame. Wenye viwanda, wenye hoteli na wapenda miti wakajikuta upande mmoja. Mwaka 1911 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuruhusu serikali kununua ardhi hiyo iliyoharibiwa, na mwaka 1918 Msitu wa Taifa wa Milima Myeupe ukatangazwa. Leo una karibu kilomita za mraba 3,200. Miti mnayosafiri nusu ya dunia kuiona, iliyo mingi, ni mitoto ya baada ya shoka.

Mimi nilizaliwa hapa Lubumbashi na nimeiona miyombo ikirudi nyuma mbali na mji mwaka baada ya mwaka. Kila asubuhi baiskeli za makala, yaani makaa, zinaingia zikiwa zimebeba kimo cha mtu, na kila gunia lilikuwa mti. Simlaumu anayesukuma baiskeli. Ana watoto, na sisi ndio tunaopikia bukari kwa moto huo. Lakini pale Lincoln Woods, kila nilipowashusha wageni, nilikuwa nawaza muputu. Ukiukata na ukauacha kisiki chake bila moto na bila jembe, unachipua tena wenyewe. Nilitamani wakubwa wa nchi yetu wakanyage mataruma yale.

Turudi njiani. Baada ya hapo barabara inapanda kwa kona hadi penye kona moja kali sana, na kando yake kuna maegesho ya Hancock. Hapo ndipo bonde linafunguka lote. Mtakuwa mmefika jua likiwa bado chini upande wa mashariki, na hili nataka ulifanye: usitazame majani yaliyopigwa na jua usoni. Simama mahali ambapo jani liko kati yako na jua. Lililoonekana jekundu la kawaida linawaka kama taa ya kioo, unaona mishipa yake yote. Hapa kwetu mwezi wa Oktoba jua la mchana linasimama utosini, ndiyo maana hatuna mazoea ya kutazama hivyo. Kule katikati ya Oktoba, hata saa sita mchana, jua halifiki nusu ya anga. Kivuli ni kirefu siku nzima na mwanga unakuja kwa ubavu. Nusu ya uzuri wa msimu ule ni mwanga huo.

Mkivuka kilele na kuanza kuteremka kuelekea Conway, hesabuni mabadiliko. Mnashuka zaidi ya mita 700, na miti itakayokuwa imepukutika juu itakuwa imejaa majani chini. Kuna mahali pa kusimama tele: Sugar Hill kwa kutazama mbali, Rocky Gorge kwa maji, na daraja la Albany, la mbao, la mwaka 1858, lenye paa na kuta kama ghala. Baba atauliza kwa nini daraja liezekwe. Si kwa ajili ya kumkinga mpita njia. Nguvu za daraja ziko kwenye fremu ya mbao za pembeni, na mbao zikinyeshewa na kukauka kila mara zinaoza baada ya miaka michache. Paa ni rahisi kulibadilisha kuliko fremu. Kwenye baadhi ya maegesho ya msitu mnalipa dola 5 kwa siku, unajaza bahasha na kuitumbukiza kwenye sanduku. Muwe na noti ndogo.

Kutoka Conway msirudi njia ileile. Shikeni barabara namba 302, inayopenya bonde la Crawford. Katikati yake panaitwa Willey House, kwa jina la familia iliyokaa hapo. Usiku wa mvua kubwa, Agosti 1826, walisikia mlima ukianguka, wakakimbia nje kutafuta usalama: baba, mama, watoto watano na vibarua wawili. Wote walikufa. Maporomoko yaligawanyika kwenye mwamba uliokuwa nyuma ya nyumba, yakapita pande mbili, na nyumba ikabaki nzima. Mimi huwa nazima injini hapo na kukaa kimya kidogo.

Bonde likiisha, linatokea jengo jeupe kubwa lenye paa jekundu, na nyuma yake mlima Washington. Ni hoteli iliyofunguliwa mwaka 1902, pale Bretton Woods. Mwezi wa Julai 1944 wajumbe wa nchi 44 walikaa humo wiki tatu wakaunda Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia. Sisi hatukuwa na kiti. Ubelgiji ndiyo iliyokaa, na mkuu wa ujumbe wake, Camille Gutt, ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Fedha. Kwa mwalimu, kunywa chai ukiwa umeukabili ukumbi huo ni somo zima. Msikae sana lakini. Jua linazama kama saa kumi na mbili jioni, na ndani ya mabonde giza linatangulia.

Na giza lina mnyama wake. Anaitwa muusi, wa jamii ya kulungu, ila kimo chake kinampita pofu, mweusi, mwenye miguu mirefu kiasi kwamba gari likimgonga, kiwiliwili chake kinaingia kwenye kioo cha mbele. Oktoba wanatembea sana. Vibao vya barabarani vinaposema mpunguze mwendo kwa ajili yake, punguzeni kweli.

Siku ya tatu asubuhi ni ya Baba kabisa. Chini ya mlima Washington kuna treni ya meno, iliyoanza kazi mwaka 1869, ya kwanza duniani kupanda mlima kwa namna hiyo. Katikati ya reli mbili kuna ngazi ya chuma iliyolala, na gurudumu la meno chini ya kichwa cha treni linaikamata kidato kwa kidato. Mahali pakali zaidi mwinuko unapita asilimia 37. Vipo bado vichwa vya mvuke, na Baba akiviona vimesimama kituoni atagundua bila kuambiwa kwamba boila imejengwa imeinama mbele. Imefanywa hivyo ili treni ikiwa mlimani, maji yalale sawa. Kwenda na kurudi ni kama saa tatu, mmekaa ndani, hakuna ngazi za goti. Bei si ndogo kwa watu watatu, na tiketi hununuliwa mapema. Mkiona ni nzito, kuitazama ikiondoka hapo chini ni bure, na bado inafaa.

Kilele ni mita 1,917, na pale juu upepo ulipimwa kilomita 372 kwa saa tarehe 12 Aprili 1934. Mwezi wa Oktoba mnaweza kuacha jua chini na kukuta barafu juu. Siku nyingine hali ya hewa inaizuia treni isifike mwisho. Si kosa la mtu.

Alasiri, kama mna nguvu, vukeni mto Connecticut kuingia Vermont. Msiende mbali. St. Johnsbury ina maktaba ya mwaka 1871, zawadi ya familia iliyotajirika kwa kutengeneza mizani mikubwa ya kupimia mizigo, na ndani yake kuna ukumbi wa picha. Kisha Peacham, kijiji kidogo juu ya kilima: kanisa jeupe la mbao, ghala jekundu, mepo kando ya ukuta wa mawe. Mtaona kitu kinakosekana njiani na hamtajua ni nini mara moja. Ni mabango ya biashara. Vermont iliyapiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1968, na macho yanapumzika.

Vijiji hivi usivione kama mapambo. Ule uwanja wa nyasi katikati ulikuwa malisho ya wote. Kanisa ni la urithi wa Waprotestanti wa Kiingereza waliokataa mapambo, kwa hiyo ni mbao, rangi nyeupe, madirisha ya kioo kitupu. Na kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Machi, raia wa vijiji vingi wanakutana ukumbini na kupigia kura bajeti yao wenyewe, hata ununuzi wa gari la zimamoto, mtu akisimama na kusema mbele ya jirani yake. Kwenye duka la kijiji muulizeni mwenye duka kuhusu mkutano huo. Atawaeleza mpaka chai ipoe. Hapo hapo nunueni chupa ndogo ya asali ya mepo. Si ya nyuki. Ni utomvu wa mti wa sukari unaogemwa mwishoni mwa baridi, kama Machi, na inahitajika lita 40 hivi za utomvu kupata lita moja.

Siku ya nne rudini kwa kuteremka: tokeni barabara kuu kwenye ziwa Squam, mpite Holderness hadi Center Sandwich. Huko ni chini na kusini zaidi, kwa hiyo rangi iliyokuwa inaisha kwenye kilele cha Kancamagus itakuwa bado mbichi juu ya maji. Mvua ikinyesha, msikate tamaa. Gome likilowa linakuwa jeusi, na njano inatokea zaidi kuliko siku ya jua.

Mavazi: mnatoka Lubumbashi ndani ya mwezi wake wenye joto kuliko yote, digrii 30 na kupita, na mnaingia kwenye asubuhi za digrii 2 au 3. Koti moja zito halifai, maana mchana inafika 15 na litawachosha. Vaeni nguo juu ya nguo: fulana ya mikono, sweta, kisha koti jepesi lisilopitisha upepo wala maji. Kofia ya sufu na glovu kwa ajili ya treni. Masweta mazuri yako kwenye mitumba hapa mjini kwa bei ya chini kuliko kule. Viatu viwe na soli ya meno: majani yaliyolowa juu ya mwamba yanateleza kama bamia, na goti la Baba halina nafasi ya kuanguka. Awe na fimbo hata kama anakataa. Chupa ya chai ya moto ndani ya gari, kila siku.

Jambo moja la kuwatayarisha. Mbele ya nyumba nyingi mtakuta maboga, na pembeni yake mifupa ya binadamu ya plastiki, mawe ya makaburi ya kuigiza, utando wa buibui mlangoni. Mama mkwe wangu alipoona mara ya kwanza alitaka kurudi ndani ya gari. Si uchawi. Ni mchezo wa watoto wa tarehe 31 Oktoba, wanazunguka usiku wakigongea majirani na kupewa peremende.

Na kabla hamjaondoka, wiki ya mwisho ya Septemba, muende na Baba asubuhi moja kwenye barabara ya Kipushi, mtafute muputu uliotoa majani mapya. Shika jani moja kati yako na jua, bila kulichuma, ulipige picha na simu. Siku ya pili ya safari, pale Hancock, fanya vilevile na jani la mepo, kisha uziweke picha hizo mbili kando kwa kando na unitumie.